Miaka mitatu na baiskeli ya shokapu mbili

Nimepotea kidogo, si mnajua tena mwaka wa tatu ulivyo: ripoti ya mazoezi ya kufundisha haijaisha, asainmenti zinadaiwa, na UE hiyo inabisha hodi. Lakini leo nimesema lazima niandike, kwa sababu maswali yamekuwa mengi. Kila nikipita na ile baiskeli yangu kuna mtu ananisimamisha: dada, ile springi ya katikati ni ya nini? Inauzwa? Inafaa kwa milima yetu hii ya Iringa? Basi nitajibu yote kwa mpigo, na mwisho nitawaambia kwa nini Jumamosi ijayo inakwenda kwa mtu mwingine.

Kwanza niitambulishe. Ni baiskeli ya milimani, mtumba, yenye shokapu mbele na nyuma. Sitaji kampuni, na hata ningetaka ningeshindwa, maana mwenye nayo wa kwanza aliipaka rangi nyeusi fremu nzima. Ringi zake ni za inchi 26, gia 27 (tatu mbele, tisa nyuma), breki za diski, na kila shokapu inaruhusu gurudumu lipande kama sentimita 12. Tuliipima kwenye mizani ya muuza mahindi ikatoa kilo 14. Niliinunua nikiwa mwaka wa kwanza kwa shilingi 320,000, hela ya bumu niliyoibania semista mbili pamoja na ya kufundisha tuisheni. Chumbani walinicheka wiki nzima. Wenzangu walinunua simu, mimi nikanunua baiskeli, tena mtoto wa kike!

Tuanze na raha zake. Anayeujua mji huu anajua kwamba huwezi kwenda popote bila kupanda au kushuka. Ukitoka Ipogolo, pale mtoni, kurudi mjini, ule mlima unakula miguu. Hapo ndipo gia ndogo inapojieleza. Mbele meno 22, nyuma meno 34. Ukizungusha pedali mara moja, gurudumu halimalizi hata mzunguko mmoja, ni kama 0.65 tu. Unakwenda taratibu kama kinyonga lakini unafika umekaa kitini, wakati wenye Phoenix wanashuka na kusukuma. Kwenye kushuka kwenye mawe ndiyo usiseme. Gurudumu la nyuma linalifuata jiwe, linapanda na kushuka lenyewe, wewe mgongo wako umetulia. Barabara za vumbi zile zilizojikunja kama bati, ambazo kwa baiskeli ya kawaida meno yanagongana, hii inazipita kama inapigiwa pasi.

Lakini kuna jambo ambalo muuzaji hatakuambia. Kwenye kupanda, shokapu ya nyuma inakula nguvu zako. Kila ukikanyaga pedali baiskeli inazama na kuinuka kama godoro la springi. Yangu ina kiswichi kidogo cha kuikaza, na nimejifunza kukikaza nikianza mlima na kukifungua nikianza kushuka. Ukikuta isiyo na kiswichi, ipande mlimani kwanza kabla hujatoa hela.

Jambo la pili ni mizigo. Nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, mzee mmoja wa kule kijijini aliizunguka mara mbili akiwa amefunga mikono nyuma, akaniuliza:

"Sasa mwalimu, baiskeli hii inabeba nini?"

"Inanibeba mimi, baba."

"Wewe tu?"

Mimi tu, jamani. Kwa kuwa sehemu ya nyuma inacheza, huwezi kufunga keria ya kawaida. Hakuna gunia la mkaa, hakuna ndoo ya maji, hakuna mgonjwa wa kupeleka zahanati. Madaftari ya mikondo miwili ya Kidato cha Pili niliyabeba mgongoni, na mgongo ulikuwa unajua. Na ukiangalia historia yake hutashangaa. Baiskeli hizi zilianzia Marin, California, miaka ya 1970, na vijana waliokuwa wakizipeleka baiskeli kuukuu za matairi manene mlimani ili washuke nazo kwa kasi. Mwaka 1976 wakaanza mashindano yaliyoitwa Repack, jina lililotokana na breki: zile za kukanyaga nyuma zilipata moto mpaka grisi inaungua, ikabidi kila baada ya kushuka wafungue habu na kupakia grisi upya. Kwa hiyo wazazi wa baiskeli hii waliiunda kwa ajili ya kushuka mlima kwa raha. Debe la mahindi halikuwamo kabisa kwenye hesabu zao.

Hata hivyo baba zake hao walituachia zawadi moja bila kujua. Zile baiskeli zao kuukuu zilikuwa na matairi ya inchi 26, ndiyo maana baiskeli za milimani zikabaki na saizi hiyo kwa miaka mingi. Siku hizi huko kwao wamehamia inchi 29 na 27.5, na ya 26 wanaiona ya kizamani. Kwetu ni kinyume. Baiskeli za Kichina za gia zilizojaa madukani zinatumia 26 hiyohiyo, kwa hiyo tairi na tyubu yake unaipata mjini bila kuagiza. Nimekwisha maliza tairi mbili za nyuma na moja ya mbele, kila moja 18,000, na sijawahi kulala nje kwa kukosa tyubu. Wanaotaka kununua mtumba wa inchi 29 kwa sababu ni mpya zaidi, waulize kwanza bei ya tairi na siku za kulisubiri.

Vitu vingine havikuwa rahisi hivyo. Cheni ya gia tisa ni nyembamba kuliko ya gia sita au saba inayouzwa hapa, na ile nene haikai vizuri kwenye friwili hii, kwa hiyo niliagiza Dar, 45,000. Breki ya mbele ilikuwa ya mafuta, ikaanza kuvuja. Fundi mmoja wa barabarani alikuwa amekwisha fungua chupa ya mafuta ya breki ya gari, nikamshika mkono. Kwenye kishikio yalikuwa yameandikwa maandishi madogo kwamba inatumia mafuta ya madini tu, na yale ya gari yanaharibu sili zake. Mwishowe tulifunga breki ya diski ya kuvuta kwa waya, ya 25,000, iliyotoka kwenye baiskeli ya Kichina iliyogongwa. Haina ulaini wa ile ya kwanza, lakini ikikatika waya naununua duka lolote.

Beringi za pale fremu inapojikunjia zilinifurahisha zaidi. Baada ya mwaka zilianza kulia kama mlango wa jela. Fundi wangu wa Kihesa (huyu nitamtaja sana, ni mzee aliyetengeneza Phoenix maisha yake yote) alizitoa, akapangusa grisi, tukasoma namba ubavuni: 608. Kumbe ni beringi ya kawaida kabisa, tundu milimita 8, upana wa nje 22, unene 7. Tulizipata kwenye duka la vipuri vya mashine, nne kwa 24,000. Toka siku hiyo fundi akawa haiogopi tena baiskeli yangu. Aliniambia, "Mwalimu, kumbe hiki nacho ni chuma kama vyuma vingine."

Sasa nije kwenye shokapu ya nyuma yenyewe. Ya kwangu haina springi ya chuma, inatumia hewa. Ina vali kama ya tairi la gari, ndiyo maana watu wanadhani pampu yoyote itafaa. Haifai. Chumba chake ni kidogo mno na hewa inayotakiwa ni nyingi. Mimi mwenye kilo 58 najaza psi 120. Pampu ya kawaida ukichomoa mpira wake, ile hewa kidogo inayotoka pale ndiyo hewa yenyewe, unabaki huna kitu. Inatakiwa pampu yake maalumu, nyembamba, yenye saa ya kupimia, na mimi niliinunua 60,000. Kipimo chake ni rahisi: kuna kipete cha mpira kwenye mkono wa shokapu. Kisukume juu, kaa kitini taratibu, shuka, uangalie kimesogea kiasi gani. Kikisogea asilimia 25 mpaka 30 ya safari yote, umepatia. Mkono wangu una safari ya milimita 50, kwa hiyo natafuta kama 13 mpaka 15.

Mazoezi ya kufundisha ndiyo yaliyoniambia thamani yake. Nilipangiwa shule ya kata, kilomita 11 toka ninapoishi, sehemu kubwa ni vumbi. Bodaboda ilikuwa 3,000 kwenda na 3,000 kurudi. Piga hesabu siku 40: 240,000! Kuhamia kule ningepoteza tuisheni ya jioni, na hela hiyo ndiyo inayonunua viatu na madaftari ya mdogo wangu. Basi nikasema nitapanda. Nilikuwa natoka saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya Iringa inakata masikio, suruali mwilini, sketi ya ualimu ndani ya begi. Njiani nasalimiana na kina mama wanaokwenda shamba, kamwene, kamwene, mpaka wakanizoea. Nikifika najifunga sketi, nakuwa madamu.

Wiki ya tano shokapu ikaanza kulala. Naijaza usiku, asubuhi naikuta imezama, pedali zinagonga mawe. Sili zimekwisha. Watengenezaji wengi wanashauri ule mkono wa hewa ufunguliwe na kusafishwa kila baada ya saa 50 hivi za kupanda, na hii sijui kama ilifunguliwa hata mara moja kabla haijafika Tanzania. Sili mpya zilipatikana Dar, lakini za saizi yangu mpaka muuzaji aagizwe, wiki mbili. Nilikuwa bado na wiki tatu na nusu za kufundisha na mtathmini alikuwa hajaja mara ya pili.

Fundi alikaa kimya, akaenda kwa mchomeleaji jirani, akarudi na kipande cha flati bari. Akapima tundu kwa tundu, sentimita 19, akatoboa, akafunga pale penye shokapu. Hivyo tu. Wiki mbili nilipanda na mfupa wa chuma. Mgongo uliniuma, na nilikwenda polepole kwa sababu fremu ile haikuundwa kupigwa moja kwa moja hivyo, lakini sikukosa kipindi hata kimoja. Kilikuwepo mpaka kile cha mashine rahisi, ambapo niliipindua baiskeli juu ya meza na Kidato cha Pili wakahesabu meno wenyewe. Mtathmini alikuwa amekaa nyuma.

Sili zilipokuja kwa basi tulifungua pamoja: toa hewa yote kwanza (hili msisahau, hewa ikibaki ndani kile kikombe kinaweza kukurukia usoni), fungua, safisha, weka sili mpya, paka grisi, funga. Mimi nasoma maelekezo kwenye simu, yeye anafanya. Haikufika saa nzima. Sili na usafiri, 70,000.

Jumlisheni vipuri vyote nilivyovitaja: 278,000. Ongeza ufundi wa miaka mitatu, inakaribia ileile 320,000 niliyonunulia. Kwa maneno mengine, nimeinunua mara mbili. Na sijutii, maana imenirudishia zaidi ya hapo.

Sasa kwa nini naiuza? Mdogo wangu yuko Kidato cha Pili kule nyumbani, anatembea kilomita nane kwenda shule na nane kurudi. Mama alinipigia akasema anaanza kuchelewa, na akichelewa anachapwa, na akichapwa siku inayofuata haendi kabisa. Wazo langu la kwanza lilikuwa nimpelekee hii. Nikaota kabisa anavyoshuka nayo kile kilima chetu. Halafu nikajiuliza swali moja tu: sili zikiisha tena, nani atamfungia flati bari? Pale kijijini kuna fundi mmoja chini ya mwembe, ana spana tatu na sufuria la maji la kutafutia pancha. Kila kitu kilichopo kwenye Phoenix anakijua kwa kupapasa gizani. Hii ya kwangu ingemaliza mwezi mmoja, halafu ingening'inizwa ukutani na mtoto angerudi kutembea, safari hii akiwa na baiskeli nyumbani.

Mwaka wa kwanza mmoja amenipa 400,000 pamoja na pampu. Hela hiyo inatosha Phoenix, keria, kufuli na akiba ya tyubu, na bado kitabaki cha sare. Ndugu yangu atapanda bila gia na bila shokapu, kilima kile atasukuma, lakini Jumatatu hadi Ijumaa atakuwa darasani. Na mama naye atapelekewa mahindi yake mashineni.

Kwa hiyo wanaoniuliza kama inafaa kununua, jibu langu ni hili: nenda kwanza kwa fundi utakayemtegemea, umuonyeshe, uone kama atainama kuiangalia au atarudi nyuma. Kisha ndipo ukaulize bei.

Jumamosi asubuhi nitakwenda na mnunuzi Kihesa kumkabidhi kwa mzee, nimfundishe na kile kipete cha mpira. Flati bari pia nampa, bure. Haya wadau, UE njema, na mwenye noti za Saikolojia ya Elimu anitafute, nina shida nazo.