Basi la Mwisho

Nyakanazi, Biharamulo

Mpwa wangu mpendwa,

Sisi huku hatujambo, mvua zimeanza na maharage yameota vizuri. Hofu ni juu yenu mnaojiandaa na safari.

Picha ulizonitumia nimezipata, nikazikuza moja moja kwa vidole kama mlivyonifundisha. Nimeziona Coaster mbili na ile Isuzu kuukuu. Viti mmeving'oa, mmeweka vitanda, jiko la gesi, mapazia, na juu ya Isuzu tangi la maji. Kazi ya useremala ni safi. Usidhani naandika kuwakataza. Ujana wangu wote niliula ndani ya mabasi, kwa hiyo siwezi kumkataza kijana wa dada yangu kuzunguka nchi yake na rafiki zake. Wala kugeuza gari si jambo geni kwetu. Dar es Salaam ya miaka ya 1980 watu walipanda chai maharage, malori yaliyowekewa mabenchi, wakakaa wakitazamana uso kwa uso hadi mwisho wa safari.

Lakini kwenye simu ulisema neno moja likanikaa. Ulisema mnatafuta pori lisilo na mtu, kama lile la Australia, ambako wenzenu wanaishi kwenye mabasi ya zamani. Najua unalolisema. Barabara ya Eyre huko Australia ina kipande cha kilomita 146 kilichonyooka bila kona hata moja. Huku kwetu, mwanangu, barabara haikunyooka na pori halikukosa watu. Mkitoka Kahama, mkapita Ushirombo na Runzewe, mtaona miti tu kulia na kushoto hadi Nyakanazi. Humo ndani mna warina asali, wachunga ng'ombe, wachoma mkaa. Wao watawaona kabla ninyi hamjawaona.

Kwa hiyo msiegeshe mahali kwa sababu tu pana uwazi mzuri na jua linazama vizuri. Jua likiwa bado juu, ingieni kijijini, mwulizeni mwenyekiti wa kitongoji, msalimieni, mwambieni mko wangapi na mnakwenda wapi, kisha ombeni pa kulala. Mgeni aliyejitambulisha hulindwa na kijiji kizima. Aliyejificha vichakani hushukiwa, na mtu anayeshukiwa usiku hana muda wa kujieleza. Mkitaka wanyama, Burigi-Chato ipo, hifadhi ya taifa tangu 2019, kilomita za mraba 4,707. Ingieni kwa geti, lipeni, laleni pale askari wa hifadhi watakapowaonyesha.

Halafu hiyo Coaster mliyoipaka buluu. Nani aliwashauri? Mbung'o hupenda rangi ya buluu na nyeusi, ndiyo sababu mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Tena hufuata kitu kikubwa kinachotembea, wakidhani ni mnyama. Kwao gari hilo likipita porini polepole ni nyati anayewapitishia damu. Dawa za kujipaka haziwazuii sana, na malale hayana mzaha. Kama rangi haibadiliki tena, mkiwa porini fungeni vioo hata kukiwa na joto, na vaeni nguo za rangi ya udongo.

Sasa tangi. Umeniambia linachukua lita 500. Hizo ni kilo 500, sawa na watu wazima saba waliosimama juu ya paa bila kushuka Dar mpaka Kigoma. Abiria akiona kona hujishika na kuegemea. Maji hayaegemei, yanakimbilia upande ule ule gari linakolalia. Lishusheni tangi sakafuni, katikati ya ekseli mbili, nanyi muweke kizuizi ndani maji yasichezecheze. Na mkiona mizani msikwepe kwa kudhani hiyo ni ya malori. Kila gari lenye uzito unaozidi tani 3.5 hupita mizani, na ni vizuri mjue mmebeba kiasi gani. Mpelekeni trafiki magari yakakaguliwe, na mhakikishe kadi zinaonyesha gari lilivyo sasa, si lilivyokuwa na viti.

Mlimani, shukeni kwa gia ile ile ambayo mngepandia. Anayetoa gia ili aokoe mafuta atazilipia breki. Kila mkisimama, kabla ya chai na kabla ya picha, dereva azunguke gari na kugusa kila ringi katikati kwa mgongo wa kiganja. Mgongo wa kiganja, si tumbo lake, kwa sababu ukiungua tumbo la kiganja utashikaje usukani? Ringi moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, hapo pana breki inayoshika au beringi inayokufa. Nilifundishwa hivyo na dereva wangu wa kwanza, na mpaka leo nikipita kando ya basi lililosimama mkono wangu unaenda wenyewe.

Hayo yote fundi yeyote angeweza kukuambia. Lililonifanya nishike kalamu ni jingine, na mama yako sijawahi kumsimulia.

Miaka ile ya 1990 kuelekea 2000, njia ya hapa kwenda Kakonko na Kibondo ilikuwa vumbi jekundu kiangazi na utelezi masika. Majambazi waliteka mabasi. Tulikuwa tunasubiri hapa Nyakanazi mpaka magari yatimie, ndipo askari wapande na silaha na msafara uondoke. Mimi nilikuwa utingo. Siku moja ya mvua askari walikuwa wachache, wote wakawa kwenye gari la mbele. Basi letu lilikuwa la pili kutoka mwisho. Nyuma yetu lilifuata basi moja bovubovu, na asubuhi ile mama mmoja aliyekuwa akilipanda alinipa kuku wake wawili nimshikie, apate mkono wa kupandisha mtoto.

Katikati ya pori basi lile likawasha taa mara tatu. Nililiona. Mvuke ulikuwa ukitoka mbele, rejeta imechemsha. Nikagonga bodi kumwashiria dereva. Akatazama kioo, akasema tukisimama tutaachwa na askari, watatukuta Kibondo. Nami sikugonga mara ya pili.

Hawakutukuta. Usiku zikaja habari kwamba wametekwa. Roho zilinusurika, mali zikaenda, na wapo waliopigwa vibaya. Yule mama nilimwona kesho yake stendi, mkono umefungwa kitambaa. Aliniamkia kama kawaida. Hakuwa na kuku, hakuwa na mzigo, mtoto alikuwa mgongoni. Mpwa wangu, zaidi ya miaka 20 imepita, na bado nasikia ile mara ya pili ambayo sikugonga.

Leo kutoka hapa hadi Kabingo, kilomita 50, ni lami, na usalama si ule wa zamani. Lakini gari kuukuu ni lile lile, litachemsha, litapata pancha, litakata springi mahali ambapo simu haishiki. Ndipo mtajua kama ninyi ni marafiki au ni watu wenye ratiba moja. Wakati huo kila mtu atakuwa na sababu nzuri ya kuendelea mbele: njaa, giza, mtu wa kumpokea. Dereva wetu naye alikuwa na sababu nzuri.

Isuzu itangulie, kwa kuwa ndiyo dhaifu. Wenye magari mazuri wafuate mwendo wake wasilalamike. Nyuma kabisa akae aliye fundi kuliko wote, akiwa na jeki, maji, na spana. Kila dereva awe na jukumu la kumwona wa nyuma yake kwenye kioo, na asipomwona asimame, pasipo mjadala. Kaeni chini mkubaliane haya mkiwa bado Dar, mmeshiba na mnacheka, kwa sababu porini hamtakubaliana. Asiyetaka abaki nyumbani, hata kama ndiye mwenye gari.

Uwanja nimeusafisha. Chini ya mwembe panatosha magari matatu, na visima vyote viwili vina maji. Mkiingia nitasimama barabarani kuhesabu. Nikiona mawili sitauliza habari za safari, nitapanda pikipiki niende kumfuata wa tatu.

Mjomba wako anayekupenda.