Herufi A

Mashine yangu ya kupiga chapa ni Olympia, iliyotengenezwa Wilhelmshaven, Ujerumani, na haina tarakimu 1. Atakaye kuiandika hupiga herufi ndogo ya L, wala hakuna msomaji aliyewahi kulalamika. Alama ya mshangao nayo haimo: unapiga ritifaa, unarudi nyuma nafasi moja, unaweka nukta chini yake. Kupiga chapa nilikuwa nimejifunza chuo cha ualimu, na nilipokuwa mwalimu mkuu mitihani yote ya shule ilipita katika mashine hii. Utepe wa wino huwekwa kando, herufi zikakata stensili zenyewe, kisha stensili hupelekwa kwenye mashine ya kurudufu. Ukipiga kwa nguvu mno herufi O inakatika duara zima, na mtihani unatoka una madoa meusi kama karatasi iliyoliwa na mende.

Sasa nimestaafu, nipo Nakapanya kando ya barabara ya Masasi na Tunduru, na baridi yabisi imeniingia mkono wa kulia. Kalamu inanitoroka. Kupiga chapa bado naweza, ila kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kilivunjika nilipoanguka na baiskeli, kikaunga vibaya, na hakipindi tena. Ndicho kidole cha herufi A.

Msomaji ambaye hajapata kupiga chapa huenda asione ukubwa wa msiba huu. Mpangilio wa herufi tunaoutumia ulitokana na kazi ya Christopher Latham Sholes na wenzake huko Milwaukee, Marekani. Walipata hataza yao ya kwanza mwaka 1868, na kampuni ya Remington ikaanza kuuza mashine hiyo mwaka 1874. Kiswahili hakikuwamo katika hesabu zao. Waliiweka A pembeni kabisa, chini ya kidole kilicho dhaifu kuliko vyote, na sisi lugha yetu inakula A kama mtoto alavyo korosho. Andika "wanakataa": ni A tano katika neno moja, zote juu ya kidole kimoja. Q na X, ambazo hatuna kazi nazo, zimekaa tu kama wageni wasioaga.

Nikaamua kuihamisha A. Wazo la kwanza lilikuwa kuibadilisha na Q, kwa kuwa Q haina kazi. Nilimweleza mjukuu wangu kwa fahari. Akaitazama mashine, akasema, "Lakini babu, Q nayo si ya kidole hicho hicho?" Miaka zaidi ya hamsini ya kupiga chapa, na sikuliona hilo. Tukachagua F, iliyo chini ya kidole cha shahada cha mkono huo huo.

Nilipeleka mashine kwa fundi redio pale sokoni. Kila mkono wa herufi una kichwa kidogo cha chuma chenye herufi ndogo na kubwa, nacho kimeungwa kwa risasi ya kulehemu. Fundi alishika kichwa kwa koleo, akagusa kwa chuma cha moto, risasi ikayeyuka. Cha A kilianguka mavumbini tukakitafuta kwa magoti, wateja wakidhani tumepoteza kito. Kung'oa ni kazi rahisi. Kurudisha ndiko kunakotesa, maana kichwa kikisogea unene wa unywele, herufi hupanda au hushuka kwenye mstari. Tulijaribu kwa kupiga "nanana" mara nyingi. A ilikaa juu kidogo ya wenzake. Fundi akataka kuifungua tena; nikamwambia aiache, nikaogopa isije ikapotea kabisa. Juu ya vibonye nikabandika plasta ya vidonda, nikaandika F na A kwa kalamu ya wino.

Pale kijijini yapo maduka ya kuchapa kwa kompyuta na vijana wake ni wepisi. Lakini barua niliyotaka kuandika haikuwa ya kumsomea kijana wa dukani.

Mwaka 1988 maswali ya mtihani wa shule yalivuja. Mashine ilikuwa nyumbani kwangu, na mwanangu alikuwa darasa la saba, nikaona hesabu imekamilika. Nilimchapa viboko mbele ya shule nzima, mstarini, ili watu wasiseme mwalimu mkuu anapendelea. Baada ya majuma mawili nilipata habari kwa hakika kwamba maswali yalitokea kwingine. Sikusema neno. Nilijiambia mtoto atasahau. Alimaliza shule, akaondoka, akaanza kazi Mbeya. Huleta fedha kila mwezi kwa simu, na akipiga huongea na mama yake.

Nilikaa mezani usiku, nikaweka karatasi. Vidole vilivyozoea vikaenda vyenyewe mahali pa kale, nikasoma: Mwfnfngu. Nikatoa karatasi. Ya pili ikawa hivyo hivyo. Ilinichukua siku nne kuandika ukurasa mmoja, nikitafuta kila A kwa macho kama mwanafunzi wa wiki ya kwanza, na huenda haraka ingenifanya nijitetee. Sikuandika sababu. Niliandika tarehe, mstari wa shule, idadi ya viboko, na kwamba nilijua na nikanyamaza.

Bahasha ilikwenda na basi. Baada ya siku kumi na moja simu ikalia, mama yake akanipa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Tukanyamaza wote. Nilisikia pikipiki ikipita upande wake.

"Barua umechapa mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Nimeona A zimepanda juu. Zamani hazikuwa hivyo."

Nikamweleza habari ya kidole, na fundi, na risasi. Akauliza risasi tuliyotumia ni ya namna gani, na kama nataka akija mwezi wa kumi na mbili aje na chuma chake cha kulehemu.