Kupima Mgomba Katika Vibanja vya Bukoba

Ukitoka mji wa Bukoba ukapanda milima kuelekea Maruku, penye kituo cha utafiti wa kilimo, utaona nchi ya aina mbili. Kuna rweya, ndiyo mbuga ya majani yenye udongo maskini, na kuna vibanja, yaani mashamba ya migomba, kama visiwa katikati ya majani hayo. Ingia kibanja kimoja. Jua halifiki chini ila kwa vipande vipande. Mibuni na maharage yamo humo humo, na nyumba imejificha katikati.

Sasa tembea kutoka jikoni hadi mpakani. Karibu na jiko migomba ni minene na mikungu yaelemea nguzo. Kule mbali ni miembamba. Sababu yajulikana: maganda, majivu na samadi huishia pale mbebaji anapochoka. Jicho laona tofauti hiyo, lakini halisemi ni kilo ngapi. Mchuuzi anayenunua mkungu ungali juu ya mgomba apendalo ni hilo hasa, kwa kuwa yeye ameinua mikungu mingi mikononi mwake, nawe wakisia tu, na karo ya mtoto yangoja.

Basi azima futi kamba ya fundi cherehani. Siku ua linapochomoza, zungusha kamba shinani mwa mgomba, kisha tena mita 1 kutoka chini. Siku hiyo ina maana, kwa sababu idadi ya vichane huamuliwa ua likiwa bado limefichwa ndani ya mgomba. Unene wa shina ndio akiba iliyowekwa. Vichane vyote vikiisha kufunguka, vihesabu, na uhesabu vidole. Watafiti waliofanya kazi Uganda walichapa mwaka 2009 njia ya kukadiria uzito wa mkungu kwa vipimo hivi hivi, bila kuukata.

Lakini usichukue hesabu ya jirani. Ukanda wa ziwani hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na kule magharibi mwa mkoa huwa chini ya 1,000. Aina za ndizi nazo ni nyingi. Afadhali uandike daftari lako: unene, vichane, tarehe; na siku ya kuvuna, uzito. Mizani ya kahawa ya chama cha msingi yatosha. Baada ya mikungu thelathini hivi utaanza kuona mwendo wake.

Tuseme migomba 12 imetoa ua mwezi huu, na daftari lasema yenye unene huo huzaa kilo 20. Utavuna kama kilo 240 baada ya miezi mitatu hadi mitano. Penye baridi hukawia. Punguza hesabu kama majani mazima ni machache au kiangazi ni kikali, maana majani ndiyo yajazayo vidole.

Ukiisha kuhesabu vichane, vunja ua dume kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu. Mnyauko wa migomba uliingia Kagera kwenye mwaka 2006, na kisu huupeleka ugonjwa huo toka mgomba hadi mgomba.

Kalamu iwe ya risasi. Wino huchuruzika kwa umande wa kibanja.