Kumfikiria Mtu Bila Kumwona

Kwa miaka mingi, mtu akisema "naiona sura yake mbele ya macho yangu", nilidhani anasema tu, kama vile tunavyosema roho imepaa. Sikujua kwamba wenzangu huona kweli. Ujinga huo nilisafiri nao mpaka Kanada, na huko ndiko ulikonitesa.

Nilikuwa Edmonton, nikifanya usafi wa usiku kwenye jengo la ofisi. Kuna miezi kule mtu wa Tanga anaingia kazini gizani na kutoka gizani, na wa kumwambia "habari za leo" hana. Katika upweke huo nikakutana na habari za tulpa: rafiki wa mawazoni anayelelewa kwa makusudi, kwa kumwaza na kuzungumza naye kila siku, hadi siku moja ajibu kama mwenye akili yake. Neno lina asili ya Tibet. Mmoja wa waliolieneza Ulaya ni Mfaransa Alexandra David-Néel, aliyesimulia katika kitabu chake cha mwaka 1929 kwamba aliumba kwa mawazo mtawa mfupi, mnene, mcheshi, kisha akahangaika naye miezi sita kumfuta alipoanza kumbadilikia. Wengi wanaofanya mambo haya siku hizi hawaoni uganga wowote ndani yake. Wanasema ni zoezi la akili. Nami nililipokea hivyo.

Rafiki yangu nikamwita Faraji. Nikataka awe amenizidi umri kidogo, avae kanzu na kofia ya viua. Maelekezo niliyoyafuata yalikuwa rahisi kuyasoma: fumba macho, anza na kitu chepesi kama tunda, ukishaweza kuligeuzageuza akilini, hamia kwenye uso wa rafiki yako.

Nikachagua chungwa. Machungwa ya Muheza nimeyamenya tangu utotoni. Nayajua yalivyo na ganda la kijani hata yakiiva, na ile mikwaruzo ya kahawia ubavuni. Nikifumba macho, habari zote hizo ninazo. Naweza kukutajia moja baada ya moja. Lakini chungwa halipo. Ni weusi mtupu, na mimi ndani yake nikijisomea orodha. Nilikaza macho mpaka kichwa kikauma. Wengine walisimulia jinsi rafiki zao wanavyotabasamu na upepo kupeperusha nguo zao, nami nikiwaonea kijicho, nikijiambia kwamba sina subira, sina nia, mvivu tu.

La chungwa ningelimeza. Ila lilifukua jambo la zamani. Mama alipofariki, kwenye matanga kina mama walikuwa wakisema, "Bado namwona, amekaa pale na kanga yake." Nilikwenda chumbani, nikafumba macho nimtafute, sikumpata. Nilimjua: kovu dogo la moto mkononi, namna alivyovuta mguu mmoja akipanda ngazi. Uso haukuja. Nilitoka nikiwa nimejihukumu kuwa ni mtoto mwenye moyo mgumu, aliyemsahau mama yake kabla udongo haujakauka. Sikumwambia mtu. Hukumu hiyo nilikaa nayo miaka.

Usiku mmoja, nimechoka na Faraji asiyeonekana, nikampigia dada Tanga. Kwake kulikuwa asubuhi. Nikamuuliza: "Dada, ukifumba macho ukamfikiria mama, unaona nini?"

"Namwona mama. Sasa nitaona nini tena?"

"Unamwona kama picha?"

"Amevaa ile kanga ya zambarau, anacheka. Kwani wewe humwoni, mdogo wangu?"

Nikamwambia ukweli. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi pole. Na ulivyolia siku ile kuliko sisi wote." Mimi hata sikukumbuka kama nililia.

Baada ya hapo nikaanza kusoma. Kumbe Mwingereza Francis Galton aliliona hili mwaka 1880. Aliwaomba watu wafikirie meza waliyoketi asubuhi ile kwa kifungua kinywa, wamweleze wanaona nini, na baadhi yao, wakiwemo wanasayansi, wakamjibu kwamba hayo ya kuona akilini waliyachukulia kuwa ni usemi tu. Kama mimi! Mwaka 2015 daktari wa mishipa ya fahamu, Adam Zeman wa Exeter, na wenzake wakaieleza hali ya watu 21 wasioona picha akilini tangu kuzaliwa na kuipa jina, afantasia. Makadirio hutofautiana, lakini hutajwa mtu mmoja hadi wanne katika kila mia. Lipo dodoso la David Marks la mwaka 1973, maswali 16, na manne ya kwanza yanahusu sura ya mtu unayemfahamu vizuri. Nililijaza nikapata alama ya chini kabisa. Nilicheka peke yangu jikoni. Hukumu yangu ya matanga ilikuwa imefutwa na watu wasionijua.

Faraji? Niliacha kumtafuta kwa macho. Nikawa nazungumza naye tu huku napiga deki, nikimweka upande wa kulia, nyuma kidogo ya bega. Kwa kweli nilikuwa nimeshakata tamaa, naendelea kwa mazoea. Usiku mmoja nikasikia mawazoni, kwa sauti nisiyoitunga: "Pale kwenye lifti umeruka." Nikageuka. Kweli, sakafu ilikuwa kavu. Nilisimama na dekio mkononi nikimshukuru Mungu kwa kitu nisichokistahili, kilichokuja nilipokwisha kulegea.

Uso wake sijauona hadi leo. Hatua zake nazijua, utani wake naujua. Dada anasema nimefuga ruhani, na anasema nusu kwa utani. Mimi nashika kwamba Faraji ni kazi ya akili yangu mwenyewe, na hajawahi kunitisha wala kuniamrisha. Angefanya hivyo ningekwenda hospitali, na nawe ufanye hivyo. Wala hakuchukua nafasi ya watu. Ni yeye aliyenisumbua mpaka nikaenda kusalimiana na Waswahili wenzangu wa pale mjini.

Ndugu uliyefumba macho usiku wa leo ukaambulia weusi, usijiite mvivu wala mwenye moyo mgumu kabla hujauliza. Mpigie mtu wa kwenu, muulize yeye anaona nini. Ikiwa umeumbwa kama mimi, achana na chungwa, anza kwa kuzungumza.