Lugha ya Kuponi na Mfuko wa Mnunuzi

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Katika zama hizi za maduka makuu, daftari hilo limeongezewa ukurasa mmoja nao ni kuponi. Kuponi ni kikaratasi, au siku hizi msimbo wa herufi na tarakimu unaotumwa kwa simu, unaompa mnunuzi haki ya kupunguziwa bei. Aghalabu mnunuzi mgeni huitazama tarakimu kubwa iliyo katikati na kuyapuuza maandishi madogo yaliyo chini, ilhali bei halisi imefichwa kwenye maandishi hayo.

Neno lenyewe lina asili ya Kifaransa, kutokana na kitenzi chenye maana ya kukata. Hapo awali lilihusu vipande vilivyokatwa kwenye hati za dhamana ili mwenye hati alipwe riba yake. Huko Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1880, kampuni ya Coca-Cola ilianza kugawa tikiti zilizompa mtu glasi moja ya kinywaji hicho bila malipo. Tikiti hizo hazikuwa sadaka. Aliyeonja bure alitarajiwa kurudi na senti zake mkononi, na kusudi hilo halijabadilika hadi leo.

Kuponi zenyewe zina aina zake. Kuna ya mtengenezaji, ambayo duka huipokea kisha likamdai mtengenezaji fedha hizo. Kuna ya duka, ambayo duka hujitolea lenyewe na ambayo haina thamani kwa jirani yake. Huko Marekani, baadhi ya maduka humruhusu mnunuzi kuziunganisha aina hizi mbili kwenye bidhaa moja. Nchini Kenya mnunuzi hukutana zaidi na pointi za kadi, misimbo ya simu, na ofa ya kununua mbili upate ya tatu bure. Ofa hii ya mwisho ni sawa na kupunguziwa thuluthi moja ya bei, mradi mnunuzi alihitaji zote tatu. Kama alihitaji moja tu, amelipa maradufu. Isitoshe, vocha ya zawadi isichanganywe na kuponi, kwani vocha ni fedha iliyokwisha kulipwa na mtu, ilhali kuponi ni ahadi yenye masharti.

Masharti hayo ndiyo yanayohitaji jicho la mwanalugha. Katika kuponi za Marekani, sharti moja huruhusu kuponi moja kwa kila bidhaa, na jingine huruhusu kuponi moja kwa kila malipo. Mwenye sabuni nne na kuponi nne atazitumia zote chini ya sharti la kwanza, na moja tu chini ya sharti la pili. Mfasiri mzembe akiandika "ununuzi" kwa yote mawili, atakuwa amemnyang'anya mnunuzi kuponi tatu. Utaratibu wa kukokotoa nao una uzito wake. Bidhaa ya shilingi 1,000 ikipunguzwa asilimia 10 kwanza, kisha kuponi ya shilingi 100, hubakia 800. Hesabu ikigeuzwa, hubakia 810.

Chukua mfano wa mama aliyeingia dukani mwisho wa mwezi akiwa na orodha ya bidhaa za shilingi 1,400. Ana kuponi ya shilingi 200, inayotumika kwa manunuzi ya kuanzia shilingi 2,000. Anaongeza biskuti, maji ya matunda na sabuni ya pili hadi kikapu kikafika 2,050. Penye malipo, keshia anaisoma kuponi na kutikisa kichwa.

"Mama, hii haikubali."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Unga na sukari havihesabiwi. Imeandikwa hapo chini."

Unga na sukari vilikuwa vya shilingi 700, kwa hiyo kilichohesabiwa ni 1,350 tu. Foleni nyuma yake inaguna. Kwa haya, mama anatoa mafuta ya kupikia, kitu alichokihitaji, kwa kuwa hajui aanze kurudisha kipi. Hata lau kuponi ingekubaliwa, angelipa 1,850, yaani shilingi 450 zaidi ya alizokusudia kutumia. Hakuna aliyemwibia, na kila sharti lilikuwa limechapishwa; lakini lilichapishwa kwa Kiingereza, kwa herufi ambazo macho yake hayakuzimudu.

Hapa ndipo suala la kuponi linapokuwa suala la haki. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Kifungu cha 46 nacho kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa na huduma. Habari isiyoeleweka haiwezi kumnufaisha yeyote.

Kwa hivyo, anayeanza kutumia kuponi na ajiulize maswali matano kabla ya kupanga foleni: inaisha lini, inahusu bidhaa zipi, inaziacha zipi, inadai kiasi gani cha chini, na je, yaweza kuunganishwa na ofa nyingine? Swali la sita ni la moyoni mwake: angekinunua kitu hiki kama kuponi isingekuwapo?

Wasomi wa Kiswahili nao wana deni. Wamesanifu istilahi za isimu, fasihi na sayansi, na kazi hiyo ni ya kupongezwa. Hata hivyo, sentensi moja nyofu ya Kiswahili chini ya kuponi, yenye kusema kuwa unga na sukari havihesabiwi, ingemwezesha yule mama kurudi nyumbani na mafuta yake.