Na Mvuke Je?

Kikombe kilikuwa cha bati, kimebonyea ubavuni, nilichotoka nacho Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Tulikiweka kwenye meza ya chumba cha kusomea, Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, jioni moja ya mwaka 1979, tukakijaza chai ya rangi isiyo na sukari. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha miezi michache nyuma na sukari ilikuwa ya foleni. Ndani ya chai tulitumbukiza kipimajoto tulichoazima maabara ya fizikia. Nyuzi 80. Mwenzangu akaangalia saa yake ya mkononi, akasema, "Haya kaka, andika."

Nilikuwa na miaka 24. Azimio la Musoma la 1974 lilikuwa limeamua kwamba mtu akimaliza kidato cha sita haendi chuo kikuu moja kwa moja. Kwanza jeshi, halafu kazi, halafu ndipo chuo. Kwa hiyo nilikuwa nimelima, nimecheza kwata, nimekaa miaka miwili kwenye mizani ya mkonge upande wa Korogwe, na hesabu zote za kidato cha sita zilikuwa zimenitoka kichwani. Mabinti walikuwa wameshaondolewa kwenye sharti lile. Walifika wakitokea shule, hesabu zingali za moto. Dada niliyesoma naye alikuwa mmoja wao, mtu wa Lushoto, mdogo kwangu kwa miaka minne. Ndiye aliyenivusha.

Kozi yenyewe leo tungeiita milinganyo tofautishi. Sisi tulisema tu difarenshali. Mlinganyo wa shuleni hukuuliza namba: x ni ngapi? Huu haukuulizi namba. Unakwambia kitu kinabadilika kwa kasi gani pale kilipo, basi, nawe utafute safari yake nzima. Mhadhiri alijaza ubao, akafuta, akajaza tena, na kwa kuwa vitabu vilikuwa vichache sote tulinakili kama makarani. Wiki tatu nzima nilinakili bila kuelewa.

"Usiziogope alama, kaka," dada yule aliniambia. "Soma kama unavyosoma sentensi. Chai inapoa kwa kasi inayofuata pengo."

"Pengo lipi?"

"Kati yake na hewa ya humu ndani. Pengo likiwa kubwa inapoa haraka, likipungua inapoa polepole. Hiyo ndiyo kanuni ya Newton, hana zaidi."

Tukaipima. Hewa ilikuwa nyuzi 30. Baada ya dakika 10 chai ilisoma 60. Pengo lilikuwa 50, sasa ni 30. Limebaki sehemu tatu kati ya tano. Kama kanuni ni ya kweli, dakika 10 nyingine zitalifanyia pengo vilevile, libaki 18, na chai iwe nyuzi 48. Niliandika 48 pembeni ya daftari kabla saa haijafika. Sijui nieleze vipi hali ya mtu anayengoja chai ipoe ili ajue kama ameelewa kitu. Nilihisi nimeandika jambo la kesho.

Ilisoma 50.

Nilisema tumekosea. Yeye hakujibu. Aliweka kiganja juu ya kikombe, akakaa nacho kidogo, akakigeuza kukitazama, kisha akachukua penseli yangu na kuandika chini ya ile 48 maneno matatu: Na mvuke je? Hapo akanieleza. Chai ilipokuwa ya moto sana ilikuwa inapoteza joto kwa njia mbili, kwa lile pengo na kwa mvuke uliokuwa ukitoka. Zile dakika 10 za kwanza zilikwenda haraka kuliko kanuni inavyoruhusu, nasi tukazitumia kukisia zilizofuata. Kwenye sentensi yetu mvuke haukuwamo.

Wiki chache baadaye mhadhiri alichora ubaoni mistari miwili ya kupoa, mmoja ukianzia juu, mwingine chini, akathibitisha kwamba haiwezi kukatana kamwe. Sababu yake ni nyepesi ukiishaiona. Maji yaliyoanza na nyuzi 80 lazima yapite kwenye 50 kabla ya kushuka zaidi, na yakifika hapo hayana tofauti na yale yaliyoanzia 50, isipokuwa yamechelewa. Ya moto hayawezi kuyapita ya baridi.

Dada wa Lushoto akanyoosha mkono. "Na Mpemba?"

Darasa zima lilimjua Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa shule ya Magamba, kwao huyo dada, yeye na wenzake wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa ya kuchemsha na sukari. Siku moja, kwa kuogopa kukosa nafasi kwenye friji, aliyaweka maziwa yake yangali moto, yakaganda kabla ya ya mwenzake. Aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mwanafizikia wa chuo chetu hichohicho aliyekuwa ametembelea shule. Osborne hakumcheka, alirudi Dar es Salaam jambo likapimwa, na mwaka 1969 majina yao wawili yalitoka kwenye jarida la Uingereza. Wanafizikia wanabishana juu yake hadi leo.

Mhadhiri alisimama na chaki mkononi kwa muda mrefu. Kisha alisema, kwa Kiingereza, jambo ambalo nimeishi nalo. Uthibitisho ni sahihi, alisema, iwapo ukishajua jotoridi la maji umeshajua kila kitu chake. Mistari ikikatana, msiulaumu uthibitisho. Yako mambo ya maji hayo ambayo hamjayaandika. Niligeuka kumtazama dada, alikuwa anaandika.

Zoezi la mwisho wa muhula lilikuwa la watu. Sensa ya 1967 ilihesabu Watanzania milioni 12.3, ya Agosti 1978 ikahesabu milioni 17.5. Chukulia idadi inakua kwa kasi inayofuata ukubwa wake. Tafuta k, yaani kiwango cha ukuaji. Kwa jedwali la logi tulipata 0.032, asilimia 3.2 kwa mwaka, na kwamba idadi itajirudufu kwa miaka 22 kasoro kidogo. Nilipiga mstari chini ya jibu mara mbili.

Daftari lile nililitunza. Matokeo ya sensa ya 2002 yalipotangazwa, milioni 34.4, nilikuwa nimeshafundisha hesabu miaka mingi, na usiku ule nililitafuta kwenye sanduku. Kwa k yetu ya Mlimani tulipaswa kuwa karibu milioni 37.8. Watu milioni tatu na zaidi hawakuwapo. Wengi wao ni watoto ambao hawakuzaliwa, maana binti zetu walizaa wachache kuliko mama zetu, na hilo nililifurahia. Lakini nilikuwa nimehudhuria mazishi mengi kati ya miaka ya themanini na ile ya tisini, UKIMWI ulipokuwa unapita, na waliozikwa walikuwa watu wa umri wetu.

Nikampigia simu dada yule, Lushoto. Naye alikuwa mwalimu. Nilimsomea tarakimu zote mbili, ya daftari na ya sensa, naye akanyamaza kama alivyonyamaza siku ile ya kikombe.

"Kaka," alisema, "kwenye meza ile tulikuwa tunakaa wangapi?"

"Saba."

Tukaanza kuwataja.