Nani kaharibu katuni?

Leo siasa tuiweke kando, tumeila wiki nzima gazetini mpaka imekinai. Nataka niwaletee ugomvi mwingine kabisa.

Tuko kama sita au saba hivi. Wengine wana ajira, wengine bado wanazungusha vyeti, na yupo mmoja ni mwalimu wa sekondari. Jumamosi jioni tunakutana Sinza, mishikaki mezani, na kubishana kuhusu katuni. Simba na Yanga tumewaachia meza ya jirani. Sisi ni Spider-Man, X-Men, Akira, na ikifika saa tatu usiku lazima atokee mtu aseme Lodi Lofa. Kelele zake zinafanya mhudumu atuulize kama kuna usalama.

Swali ni lile lile kila wiki: nani kaharibu katuni?

Mwalimu ndiye mkuu wa kambi ya wazee, ingawa yeye mwenyewe hajafika arobaini. Kwake yeye, dunia ilianza na Jack Kirby. Anakuambia fungua ukurasa wowote wa Fantastic Four, ile waliyoifanya Kirby na Stan Lee toleo baada ya toleo, matoleo 102 mfululizo kuanzia 1961. Ngumi ikirushwa unaiona inatoka kwenye karatasi. Vidole vinene kama mihogo, mashine ambazo hakuna fundi anayeweza kuzieleza, na anga limejaa madoa meusi yanayochemka. Si picha za kuvutia kwa maana ya urembo. Zinakusukuma tu. Halafu anamalizia na kete yake ya siku zote: ni Kirby huyo huyo na Lee waliomleta Black Panther mwaka 1966, wakati Waafrika kwenye katuni za Marekani walikuwa wabeba mizigo ya mzungu porini.

Kambi ya pili ni ya rafiki yangu mmoja anayefanya kazi benki. Huyu anaabudu miaka ya tisini. Mtajie Jim Lee, macho yanang'aa. Misuli juu ya misuli, nywele zinapepea hata ndani ya chumba, kila fremu ina mistari elfu. Naye ana takwimu zake, maana mtu wa benki hakosi takwimu: Spider-Man ya Todd McFarlane mwaka 1990 iliuza nakala zaidi ya milioni 2, na X-Men namba 1 ya Jim Lee na Chris Claremont mwaka 1991 ikapita milioni 8. "Wazee wenu waliwahi kufika hapo?" anauliza.

Hapo mwalimu anamkata. Zile milioni 8 hazikusomwa na watu milioni 8. Toleo lilitoka na majalada matano tofauti, watu wakanunua yote wakiamini wanaweka akiba ya kusomeshea watoto. Wengine walinunua kwa maboksi. Soko likajaa, bei ikaanguka, maduka yakafunga, na mwishoni mwa 1996 Marvel yenyewe ikaomba kinga ya mufilisi. Sasa hayo ni mafanikio ya uchoraji au ni upatu?

Kambi ya tatu ni dada mmoja mchoraji, anayejipatia riziki kwa kutengeneza mabango na kadi za harusi. Yeye ni wa manga. Anatusikiliza, anakunywa soda yake, kisha anasema sote tunabishana kuhusu misuli wakati jambo lenyewe ni muda. Mchoraji wa katuni, anasema, kazi yake kubwa ni kuamua wewe msomaji ukae sekunde ngapi kwenye kila kiboksi.

Mwanzoni niliona anatupiga falsafa. Lakini kauli hiyo nimekaa nayo, na naona ndiyo inafungua ugomvi mzima.

Chukua mfano mmoja tu. Mwaka 1962, Stan Lee na Steve Ditko walitupa Spider-Man kwa mara ya kwanza ndani ya Amazing Fantasy namba 15. Kung'atwa na buibui, kutengeneza vazi, kupata jina, kumwachia mwizi apite, mjomba Ben kuuawa, na majuto. Kurasa 11. Basi. Mwaka 2000 Brian Michael Bendis na Mark Bagley wakaisimulia upya hadithi ile ile katika Ultimate Spider-Man, nayo ikachukua matoleo 7. Miezi na miezi!

Mwalimu anasema huo ni wizi wa pesa za wasomaji. Ya kurasa 11 unaivuta hadi matoleo saba kwa sababu unajua baadaye utayafunga pamoja uyauze tena kama kitabu. Hoja hiyo haina uongo. Lakini jiulize: ndani ya zile kurasa 11, mjomba Ben ni nani? Tunamwona kidogo sana, halafu amekufa. Kwa Bendis na Bagley unakaa naye mezani. Unamsikia akitania, akikasirika, akimtafuta kijana wake. Akifa, unafunga kitabu kwanza. Ditko alikupa kisa, Bagley akakupa msiba. Vyote viwili ni kazi halali, ila vinahitaji mkono tofauti na saa tofauti.

Na wala si kweli kwamba wote wa zamani walikimbia na wote wa sasa wanatambaa. Dave Gibbons kwenye Watchmen ya 1986 na 1987, iliyoandikwa na Alan Moore, aligawa sehemu kubwa ya kurasa zake kwa viboksi tisa vinavyolingana, tatu kwa tatu, kama dirisha la nondo. Hakuna nywele za kupepea. Unasoma kwa mwendo anaoutaka yeye, hatua kwa hatua, mpaka siku anapovunja hizo nondo unashtuka. Nikamwambia rafiki yangu wa benki: huyo ni wa miaka mitano tu kabla ya Jim Lee wako. Kwa hiyo mtindo haubadiliki kama kalenda. Katika mwaka mmoja kunaweza kuishi mitindo mitatu inayochukiana.

Kuna jambo jingine ambalo mimi kama mtu wa gazeti naliona kwa jicho la peke yangu. Wapenzi wa Kirby wana adui wao wa kudumu, naye ni Vince Colletta, aliyekuwa akipiga wino juu ya penseli za Kirby kwenye Thor miaka ya sitini. Colletta alikuwa anafuta vitu. Kirby kachora askari kumi, kwenye ukurasa uliochapwa wamebaki saba, na wawili kati ya hao wamekuwa vivuli vyeusi. Mwalimu akimtaja huyo mtu anatamani kulia.

Mimi siwezi kumlaani moja kwa moja. Nimekaa kwenye chumba cha habari saa nne usiku, mtambo unasubiri kurasa, mhariri amesimama mgongoni. Nimeshaona habari ya maneno mia nane ikikatwa hadi mia tatu kwa dakika sita. Aliyeikata si adui wa lugha. Ndiye aliyehakikisha gazeti linatoka. Wahariri walimpa Colletta kazi kwa sababu hakuchelewa. Pamoja na hayo, ni haki ya mwalimu kuuliza: wale askari watatu waliofutwa, nani aliwalilia? Unapopenda kazi ya mtu, unapenda hata vile vidogo vya pembeni ambavyo mwenye haraka haoni faida yake.

Na hapa ndipo ugomvi wetu unapoacha kuwa mchezo. Chini ya kila ubishi wa nani anachora vizuri kuna swali la nani anahesabiwa. Jerry Siegel na Joe Shuster waliuza haki za Superman mwaka 1938 kwa dola 130. Kirby alivutana na Marvel miaka mingi apate kurasa zake alizochora kwa mkono wake, na mwaka 1987 akarudishiwa sehemu tu. Alifariki 1994. Familia yake ilifikia makubaliano na kampuni mwaka 2014. Bill Finger, aliyemjenga Batman pamoja na Bob Kane, alianza kutambuliwa rasmi kwenye filamu na katuni za Batman mwaka 2015, zaidi ya miaka arobaini baada ya kufariki. Unajua nani waliyapigia kelele majina haya muda wote huo? Wapenzi. Watu kama mwalimu, wenye kero, wanaojua nani alichora mkono na nani alichora kivuli.

Sasa rudini nami nyumbani.

Ikifika zamu ya Sani, meza yetu inabadilika. Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Komredi Kipepe, Madenge, Pimbi: kila mtu ana wake, kila mtu anacheka kabla hajamaliza kusimulia. Mwalimu anakumbuka zaidi, sisi wengine tumerithi vicheko vya wajomba zetu. Tunajua jina la Sani lilitokana na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Tunajua kabla ya hapo kulikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru, na kwa majirani zetu Kenya Juha Kalulu wa Edward Gitau. Tunajua Gado alitoka hapa hapa Dar akaenda Nation ya Nairobi mwaka 1992.

Baada ya hapo tunaanza kukwama. Wahusika wale walipita kwenye mikono ya wachoraji zaidi ya mmoja. Mkono upi ulikuwa bora? Lini sura ya Lodi Lofa ilibadilika? Mmoja anasema hivi, mwingine anasema vile, na hakuna wa kufungua ukurasa akasema "tazama hapa." Katuni ya New York ya mwaka 1962 naweza kuifungua kwenye simu sasa hivi, ukurasa kwa ukurasa. Katuni iliyochapwa Dar, iliyosomwa kwenye daladala na baba yangu mzazi, siwezi. Ilifungiwa karanga. Iliwashiwa mkaa. Ndiyo maana kuhusu Kirby tunabishana kwa ushahidi, na kuhusu watu wetu tunabishana kwa kumbukumbu, na kumbukumbu inakufa na mwenyewe.

Dada mchoraji alisema neno Jumamosi iliyopita likatunyamazisha. Alisema: "Mimi nimejifunza kuchora mkono kutoka kwa Mjapani ambaye sitamwona maishani, kwa sababu vitabu vyake nilivipata. Wa kwetu ningejifunza kwao kutoka wapi?"

Kwa hiyo swali langu nimelibadilisha. Jim Lee hakuharibu katuni, wala Bendis, wala kompyuta ya kupaka rangi. Mitindo itakuja na kuondoka, na vizuri tugombane nayo, maana ugomvi wa wapenzi ndio unaomweka mchoraji hai. Kinachoharibu ni kutupa.

Basi kama nyumbani kwenu, juu ya kabati au chini ya uvungu wa kitanda cha babu, kuna furushi la Sani au gazeti lolote la katuni la zamani, tafadhali msilipeleke kwa muuza karanga. Angalieni sahihi ya mchoraji pale pembeni chini, iandikeni jina. Pigeni picha kurasa. Muulizeni babu alikuwa anampenda nani na kwa nini.

Halafu njooni Sinza tubishane. Wewe uko kambi gani?